Dhahabu chini ya mafiga: somo juu ya kulinda makuta ya mavuno



Katika mikutano tuliyofanya Butembo, Kyondo, Oicha na Mangina, swali moja lilirudi kila mara. Halikuulizwa mbele ya watu. Lilikuja mkutano ukiisha: mtu anatufuata mpaka kwenye pikipiki, anaangalia kushoto na kuume, kisha anasema polepole, "Mutuambie kweli, ni muzuri mutu anunue dhahabu aweke ku nyumba?"

Somo la kuchachusha na kukausha kakao litaendelea katika namba ijayo. Namba hii tunajibu swali hilo, kwa sababu mavuno yaliyouzwa vizuri na kisha yakapotea nyumbani ni sawa na mavuno yaliyooza shambani.

Munajua wenyewe kwa nini swali limekuja sasa. Mwaka 2024 bei ya kakao ilipanda namna ambayo hakuna hata mzee mmoja aliyewahi kuiona: kwenye soko la dunia tani moja ilipita dolari 10,000. Waliofaulu kufika mashambani, pamoja na hatari yote munayoijua upande wa Mbau na Oicha, walirudi na makuta mengi. Wengine walinunua manjanja, wengine kiwanja Butembo, wengine pikipiki. Wengine walinunua dhahabu. Mwaka 2025 bei ya kakao ilishuka tena, tena sana. Kwa hiyo makuta yaliyobaki ya ule mwaka mzuri hayatarudi upesi, na kuyalinda ni kazi kama kupalilia.

Tuseme kabisa mwanzoni: shirika letu haliuzi dhahabu, wala si polisi wa kuuliza nani ameweka nini wapi. Lakini tuko na maoni yetu, na tutayasema.

Wazee hawakuota ndoto

Vijana wengi wanafikiri kwamba wazazi wao wanaogopa benki kwa sababu hawakusoma. Hapana. Wanaogopa kwa sababu walisoma vizuri sana yaliyowapata.

Mwaka 1967 Leta iliweka pesa mpya, zaire, na zaire moja ilikuwa sawa na dolari mbili. Miaka michache baadaye, mwezi wa saba 1975, baridi kali iliharibu mikahawa ya Brazil, na mwaka 1976 na 1977 bei ya kahawa ikaruka dunia nzima. Mlimani Lubero na huku kwetu Butembo, kahawa ilikuwa ndiyo shule ya watoto na ndiyo mahari. Watu waliweka noti nyumbani. Basi, sikukuu ya Noeli 1979, serikali ya Mobutu ikatangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10, ambazo ndizo watu walikuwa wameziweka, hazina kazi tena. Walipewa siku chache tu za kubadilisha, na kiasi kiliwekewa mpaka. Mwenye kukaa mbali na benki, mwenye makuta mengi kupita ile mpaka, mwenye kuchelewa njiani, alibaki na karatasi. Mzee mmoja wa Kyondo alituambia kwa kifupi: "Baba aliwashia nayo moto, akatuita tuangalie."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Ya pili ilikuja polepole, kama mchwa. Kufikia mwisho wa mwaka 1992 zaire ilikuwa imeanguka mpaka Leta ikatoa noti ya zaire milioni 5. Wachuuzi walikataa kuipokea, askari waliolipwa nayo wakakasirika, na Januari 1993 Kinshasa ikaporwa. Mwezi wa kumi mwaka uleule ikaja zaire mpya: moja yake ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani. Kasai ilikataa kabisa noti mpya. Katika miaka ile, aliyekuwa na makuta benki hakuweza kuyatoa kwa kawaida. Akaunti ikawa namba tu kwenye karatasi. Mwaka 1998 ikaja franga ya Kongo, na franga moja ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Chukueni kalamu mupige hesabu: franga moja ya mwaka 1998 ilikuwa sawa na zaire za zamani bilioni 300. Zile zaire bilioni 300, kwa kipimo cha mwaka 1967, zilikuwa dolari bilioni 600. Na ile franga moja, mwaka wa 1998, haikununua hata dolari nzima.

Nayo franga haikukaa mahali pamoja. Ilianza wakati dolari moja haikufika franga 2. Mwaka 2024 dolari moja ilikuwa karibu franga 2,800.

Tena kuna jambo la juzi ambalo kila mtu wa Kivu amelisikia kwa ndugu yake. Vita ilipofika Goma mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, mabenki yalifunga milango. Mwenye akiba yake kule ndani alikuwa na haki, alikuwa na kadi, alikuwa na kitabu, na hakuwa na makuta ya kununua unga. Kwa simu watu waliendelea kutumiana, lakini kupata noti mkononi ikawa kazi nyingine.

Hatuandiki hapa siasa. Tunaandika haya ili mtu asimcheke mama yake anayeficha kitu kwenye gunia la maharagi. Huyo mama ana kumbukumbu.

Lakini dhahabu nayo inaanguka

Hapa ndipo tunaanza kutofautiana kidogo na wazee. Mtu anatuambia: "Dhahabu haishukake." Inashuka. Bei yake inatengenezwa mbali sana na Butembo, na inapanda na kushuka kama ya kakao, ila kwa miaka mirefu zaidi.

Kwenye soko la dunia dhahabu inahesabiwa kwa aunsi, na aunsi moja ni gramu 31.1. Mwezi wa kwanza 1980 aunsi ilifika dolari 850, ni kusema karibu dolari 27 kwa gramu. Katikati ya mwaka 1982 ilikuwa imerudi karibu 300. Mwaka 1999 ilikuwa karibu 250, ni kusema dolari 8 kwa gramu. Aliyenunua siku ile ya juu kabisa ya 1980 alingoja mpaka mwaka 2008 kuona tena ile bei, na katika miaka 28 dolari yenyewe ilikuwa imepunguka nguvu. Mwaka 2011 aunsi ilipita 1,900. Mwisho wa 2015 ilikuwa chini ya 1,100. Mwezi wa kumi 2025 ilipita 4,000, na ndiyo sababu kila mtu anazungumza habari yake.

Aliyenunua 1999 na kuuza 2025 alipata sana. Ndiyo. Lakini mkulima wa kwetu hauzi wakati bei ni nzuri. Anauza mtoto akiugua, shule ikianza, au usiku wa kukimbia, na siku ile hachagui.

Gramu, karati na kijiti cha kibiriti

Dhahabu inayotoka mtoni au shimoni haiko safi. Ndani yake kuna fedha na shaba kidogo. Usafi unapimwa kwa karati: 24 ni dhahabu tupu, 22 ni sehemu 22 kati ya 24, yaani karibu asilimia 92, na 18 ni asilimia 75. Dhahabu ghafi ya huku haifiki 24. Kwa hiyo, ukisikia redioni kwamba gramu ni bei fulani, ile ni bei ya dhahabu tupu, kule London au Dubai, siyo ya hii iliyo ndani ya kisasheti.

Kuna pia shida ya mizani. Kwenye machimbo bado wanapima kwa vijiti vya kibiriti na sarafu za zamani, na wachuuzi wakubwa wanazungumza kwa tola, kipimo kilichotoka India, chenye gramu 11.66. Kijiti cha muuzaji na kijiti cha mnunuzi havikukatwa kwenye mti mmoja. Mkulima ambaye hajui kubadilisha kijiti kuwa gramu amepoteza kabla hajaanza. Hakuna dhambi kumwambia mtu: mimi ninanunua kwa gramu, kwenye mizani ya umeme, na mizani ile ipimwe kwanza na kitu ambacho uzito wake ninaujua.

Tuchukue mfano, namba ni za kujifunzia, siyo bei ya leo. Tuseme aunsi iko dolari 3,732. Gawanya kwa 31.1: gramu ya dhahabu tupu ni dolari 120. Dhahabu yenye usafi wa asilimia 90 ina thamani ya dolari 108 kwa gramu. Muuzaji anakuomba 110, kwa sababu naye anakula hapo. Una dolari 550 za kakao, unapata gramu 5. Mwezi wa tisa shule inafunguliwa, unarudi kwa mchuuzi, anakupa 98 kwa gramu, kwa sababu naye hapa anakula. Unaondoka na dolari 490. Bei ya dunia haikuguswa hata kidogo, na wewe umepoteza dolari 60. Ili urudishe zile 550 zako tu, bila faida hata moja, inaomba bei ya dunia ipande karibu asilimia 12 kwanza. Ndiyo sababu tunasema: makuta ya shule, ya dawa na ya mbegu hayaingii kwenye dhahabu. Kamwe. Kama kuna mtu anayetaka kuweka dhahabu, iwe ni makuta ambayo hatayahitaji kwa miaka.

Kujua dhahabu na shaba

Wauzaji wa shaba ya manjano wako Butembo, wako Beni, na wanapenda sana msimu wa kakao. Sumaku inasaidia kidogo tu: ikishika, ni chuma, isiposhika, bado hujui kitu, kwa sababu shaba pia haishikwi na sumaku. Kuuma kwa meno ni mambo ya sinema.

Jaribio zuri ni la maji, na munaweza kulifanya kwenye koperative kama muko na mizani ndogo inayoonyesha sehemu ya mia ya gramu. Pima kwanza kile kipande kikiwa kikavu, andika uzito. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, urudishe mizani kwenye sifuri. Funga kipande kwa uzi mwembamba, ukizamishe chote ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni, ukikishika kwa mkono. Soma namba inayotokea. Gawanya uzito wa kwanza kwa ile namba. Dhahabu tupu inatoa 19.3. Dhahabu yenye asilimia 90, na fedha au shaba kidogo ndani, inatoa 17 au karibu 18. Risasi inatoa 11.3. Shaba ya manjano inatoa kama 8 na nusu. Kwa kipande cha gramu 10, mizani itaonyesha karibu 0.52 kama ni tupu, 0.56 kama ni ya asilimia 90, na karibu 1.2 kama ni shaba. Tofauti hiyo hata macho ya mzee inaiona.

Mipaka ya jaribio hili muijue pia. Kwa kipande cha gramu moja litakuonyesha shaba, lakini halitakuambia ni karati ngapi. Kwa unga wa dhahabu halifai, kwa sababu hewa inabaki katikati ya chembe. Tena kuna chuma kinachoitwa tungsteni, ambacho uzito wake ni karibu sawa kabisa na wa dhahabu. Kikipakwa dhahabu juu, maji hayatakisema. Wachuuzi wenyewe wanatumia jiwe la kusugulia na asidi. Asidi ile inachoma ngozi na macho, musiipeleke nyumbani.

Tunakawia kidogo kwenye jambo moja ambalo watu wanalipita haraka: zebaki, kile chuma kinachotiririka kama maji, ambacho wachimbaji wanatumia kukusanya unga wa dhahabu. Kile kidonge cheupe-cheupe kinachouzwa bei ya chini machimboni ni dhahabu iliyochanganyika na zebaki. Mnunuzi anakipeleka nyumbani, anakiweka kwenye kijiko au kisufuria, anakichoma juu ya mbabula ili zebaki itoke. Inatoka kweli. Inaingia kwenye mapafu ya mama anayepika na ya mtoto aliye mgongoni, na hainuki kitu. Inaharibu ubongo na figo, na kwa mama mwenye mimba inamfikia mtoto tumboni. Kile kisufuria hakirudi tena kupikiwa, hata kikioshwa mara kumi. Kama katika somo hili mutakumbuka jambo moja tu, mukumbuke hili: dhahabu yenye zebaki isiingie jikoni kwenu. Na kwa upande wa makuta vilevile: umenunua kwa uzito, na sehemu ya ule uzito imepanda na moshi.

Leta inasema nini

Kabla ya mwaka 1982 mtu wa kawaida kukutwa na dhahabu ghafi lilikuwa kosa. Mwaka ule Mobutu alifungua uchimbaji wa mkono, na tangu pale Butembo ikawa moja ya njia kubwa za dhahabu ya Ituri na ya Lubero kwenda Kampala na mbele zaidi. Leo kuna Kodi ya Madini ya mwaka 2002, iliyobadilishwa mwaka 2018. Kwa kifupi: dhahabu ya wachimbaji wa mkono inauzwa na mchimbaji mwenye karata, inanunuliwa na mchuuzi mwenye karata yake, au na kontwari iliyoandikishwa. Mkulima mwenye kisasheti mfukoni hana karata yoyote kati ya hizo. Kwenye bariera, askari anajua hivyo, na wewe unajua kwamba anajua. Kuvuka nayo Kasindi bila kutangaza ni fraude, basi.

Pete au mkufu ulionunuliwa kwa sonara, wenye risiti, ni kitu chako kama saa au redio. Unalipa kazi ya mikono juu ya uzito, kwa hiyo ukiuza unapoteza zaidi. Lakini hakuna anayekupeleka ofisini kwa ajili yake.

Tutaongeza jambo moja lisilopendeza. Dhahabu ya bei ya chini sana, ambayo muuzaji hataki kusema ilikotoka, mara nyingi imepita mikononi mwa watu wenye silaha. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika hivyo katika ripoti zao mwaka baada ya mwaka. Sisi ambao tumezika majirani tangu mwaka 2014 hatuhitaji kufundishwa risasi zinanunuliwa na nini.

Juu ya kuficha

Uzuri wa dhahabu unaeleweka. Haili kutu. Mchwa na panya hawaigusi, na noti munajua zinavyoliwa. Tena dolari ikipasuka hata kidogo pembeni, huku kwetu hakuna anayeipokea. Gramu 5 hazizidi ukubwa wa punje ya haragi. Mtu anakimbia usiku na mtoto mgongoni, na bado ana akiba yake.

Lakini ukubwa wa haragi ni ubaya pia. Familia moja upande wa Oicha, hatutasema kijiji, ilizika akiba ya misimu miwili chini ya mafiga, ndani ya kichupa cha dawa. Walikimbia usiku mmoja bila hata kuvaa viatu. Waliporudi, miezi mingi ilikuwa imepita. Nyumba ilikuwa imechomwa, na mahali pa mafiga palikuwa shimo. Watu wanaopora wanajua kwamba sisi tunazika chini ya mafiga. Wanajua pia habari ya mgomba wa tatu nyuma ya nyumba, na ya ukuta wa udongo uliopakwa upya.

Kisa cha pili kinauma zaidi, kwa sababu hakuna adui ndani yake. Mwanamemba mmoja alifariki ghafula. Mke wake alijua kwamba alikuwa amenunua dhahabu, hakujua wapi iko. Ndugu za marehemu hawakumwamini. Walichimba uwanja mzima, wakavunja jiko, wakamtukana mbele ya watoto, na hadi leo hawajapata kitu, wala hawazungumzi. Yule baba alificha vizuri kupita kiasi.

Kwa hiyo, mwenye kuweka kitu cha thamani nyumbani, iwe dhahabu, iwe dolari, iwe karatasi ya shamba, asiweke vyote mahali pamoja, na asiwe yeye peke yake anayejua. Mume na mke wajue wote wawili. Tunajua kwamba kuna nyumba ambamo jambo hili ni gumu. Katika nyumba hizo mtu wa tatu anaweza kushika barua iliyofungwa: mama mkubwa, padri, pasta, mtu ambaye hana haja na urithi. Na habari isipite kwenye simu. Picha ya mizani iliyotumwa kwa shemeji Kampala, kesho iko kwa watu ishirini.

Neno moja kwa viongozi wa koperative, na hapa tunaongea kwa nguvu: makuta ya koperative hayabadilishwi kuwa dhahabu ndani ya nyumba ya prezida. Hata kama prezida ni mtakatifu. Koperative zetu ziko chini ya sheria ya OHADA, ambayo nchi yetu iliingia mwaka 2012. Kuko vitabu vya hesabu, kuko mkutano mkuu, kuko wakaguzi. Dhahabu haina stakabadhi, na mwaka ule bei ikianguka hakuna atakayekubali kwamba ni bei iliyoanguka.

Basi tuweke wapi?

Hakuna mahali pamoja pazuri. Aliyegawanya anapoteza sehemu. Asiyegawanya anapoteza vyote. Tulichoona kikisaidia watu wa kwetu ni hiki.

Sehemu ya mavuno yenyewe inaweza kuwa akiba. Kakao iliyochachushwa vizuri na kukaushwa mpaka unyevu wa asilimia 7 au 8 inakaa miezi kadhaa kwenye depo kavu, juu ya mbao, mbali na ukuta. Maharagi kwenye mifuko ya tabaka tatu iliyofungwa vizuri hayaliwi na wadudu, na mwenye kuuza wakati wa kupanda anapata zaidi kuliko aliyeuza wakati wa kuvuna. Mahali ambapo depo inaweza kuporwa, usiache huko kupita kiasi unachoweza kukubali kupoteza. Mbuzi wanazaa na wanatembea kwa miguu yao siku ya kukimbia, lakini wanaugua na wanaibiwa.

AVEC na MUSO zinafanya kazi kwa sababu moja: watu wanajuana. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Tena kikundi kinachokopesha karibu makuta yote siku ya mkutano kinaacha sanduku karibu tupu usiku, na mwizi wa usiku hapati kitu. Akiba iko mikononi mwa wanamemba ishirini na tano, ikizaa. Hatari yake ni kikundi chote kukimbia pamoja. Waliotawanyika na kitabu chao wakiwa nacho waliweza kuhesabiana tena. Waliopoteza kitabu walibaki na ugomvi. Mwandishi wa kikundi apige picha ya kila ukurasa, na mwenzake mmoja awe nayo pia.

COOPEC au benki, ndiyo, hata baada ya yote tuliyosimulia juu. Lakini kwanza uliza karatasi ya ruhusa ya Benki Kuu ya Kongo, uione kwa macho, na usiweke kule kila kitu. Kwenye simu munaweza kuweka kwa dolari na pia kwa franga. Kumbukeni kwamba kutoa kuna gharama, na siri ya namba haipewi hata mtoto unayempenda sana.

Na dhahabu? Kwa mtu aliyekwisha kutenga shule, dawa, mbegu na chakula cha miezi mitatu, anayejua kupima, anayenunua kwa mtu mwenye karata au kwa sonara mwenye risiti, na ambaye mke au mume wake anajua, gramu chache siyo wazimu. Kwa wengine wote tunasema ngojeni kwanza.

Kazi ya kikundi, mkutano ujao

Mwanamemba ameuza kakao, amepata dolari 900. Inaomba dolari 240 za shule mwezi wa tisa, 110 za kulipa deni la dawa za mashamba, na chakula mpaka mavuno yajayo. Gawanyeni hizo 900 pamoja, mukisema kila sehemu inakaa wapi na kwa nini.

Aunsi iko dolari 4,043. Dhahabu yenye usafi wa asilimia 90 ina thamani gani kwa gramu? Muuzaji akiomba dolari 125, anakula ngapi?

Kama usiku wa leo inaomba kutoka nyumbani ndani ya dakika kumi, ni kitu gani cha thamani kitabaki nyuma, na ni nani mwingine anayejua mahali kilipo? Swali hili lisijibiwe kwa sauti mbele ya kikundi. Kila mtu alijibu nyumbani, na yule anayelala naye nyumba moja.